Tunachodai kwa Askari wa Keya si Nishani

Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023, kilichobaki vichwani mwa watu wengi wa huku kwetu si hotuba yake ya dhifa kuhusu maovu ya ukoloni. Ni lile tukio la tarehe 1 Novemba kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, alipowakabidhi wazee wachache waliopigana Vita vya Pili vya Dunia nishani zao upya, baada ya zile za kwanza kupotea au kutupwa. Mmoja wao alizitupa mwenyewe enzi za Mau Mau, kwa kuchelea kuonekana mtu wa Mzungu. Tangu hapo, Malindi na Lamu, mazungumzo ya barazani yamekuwa yale yale: na babu zetu nao wapewe zao. Vijana wanazipiga picha nishani za umbo la nyota walizozikuta masandukuni, wanaziweka mtandaoni na kuandika chini yake "shujaa wetu". Wenzao wanawajibu kwamba shujaa hapigani vita vya bwana wake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeshika pasipo penyewe. Kwa askari Mwafrika wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nishani haikupima ushujaa. Ilipima kama ofisa fulani alikuwapo, akaona, akaona inafaa kuandika, na karatasi yake ikafika ilikokwenda. Tukidai nishani leo tunaomba kupimwa upya kwa mizani ile ile iliyotupunja. Cha kudai ni mafaili ya askari wenyewe, maana humo ndimo yalimo majina na ndimo ilimo hesabu ya fedha.

Tuanze na nishani kubwa kuliko zote. Katika Vita vya Pili, Msalaba wa Victoria uliingia Keya mara moja tu, na aliyeupata ni Sajini Nigel Gray Leakey, kijana Mzungu aliyezaliwa Kiganjo, wa ukoo mmoja na Louis Leakey yule wa mafuvu ya Olduvai. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi chake, batalioni ya 1/6, iliyokuwa na watu wengi wa Tanganyika, kilikuwa kinavuka mto Bilate kwenye kivuko cha Colito, kusini mwa Habashi, kikiwasukuma Waitalia. Kombania mbili zilikuwa zimeshavuka pale vifaru vya adui vilipochomoza vichakani, ubavuni na nyuma yao. Leakey alikuwa akiwasaidia wenzake kwa mizinga midogo ya kurusha makombora juu. Makombora yalipomwishia, akapanda juu ya kifaru kimoja, akakibandua mfuniko, akampiga risasi kamanda na waliokuwa naye, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe hadi penye maficho. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukagoma. Akashuka, akapaza sauti kwamba hivyo vingine atavifuata kwa miguu, akatimka uwanjani katikati ya risasi za bombom. Vifaru viwili vikampita. Akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akamuua mmoja wa waliokuwamo, na hapo cha nne kikammiminia risasi angali juu. Alikuwa na miaka 28. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu ya wasio na kaburi iliyo ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi.

Ushujaa huo sina neno nao, na sioni aliyewahi kuutilia shaka. Lakini ichukue taarifa ya sifa zake, iliyochapwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, tarehe 15 Novemba 1945, uisome polepole. Inasema Leakey hakwenda peke yake kuvivizia vile vifaru. Alikuwa na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu hao watatu waliingia uwanja ule ule, chini ya risasi zile zile, wakavinyemelea vifaru vile vile, kisha sentensi inawaacha na kuendelea na Leakey. Hatuambiwi waliitwa nani. Hatuambiwi kama walirudi. Na sajini meja katika Keya hakuwa kuruta wa juzi. Kombania ilikuwa na mmoja wa cheo hicho, ndiye aliyepokea amri kwa maofisa na kuzifikisha kwa askari kwa Kiswahili, ndiye aliyejua nani mgonjwa, nani mtoro na nani ana mtoto mchanga nyumbani. Ofisa aliyekaa chini kuandika taarifa ile, kama alikuwa wa kikosi hicho, hakuhitaji kuuliza jina la mtu huyo. Alilijua. Hakuona haja ya kuliandika.

Kuna jibu la haki kwa hoja hii, nami sitaki kulipita kama sikulisikia. Mtu atasema taarifa za sifa ndivyo zinavyoandikwa kote duniani: anatajwa anayesifiwa, na waliokuwa naye wanakuwa "askari wawili" au "wenzake". Hata katika vikosi vya Waingereza wenyewe, watoto wa wakulima wa Yorkshire wametajwa hivyo hivyo, kwa hesabu bila majina. Ni kweli. Tofauti ni kwamba yule mtoto wa Yorkshire, akikosekana kwenye taarifa ya mwenzake, anapatikana pengine. Yumo kwenye orodha ya kikosi ambayo mjukuu wake anaweza kuiomba na akajibiwa. Kama alikufa, yumo kwenye jiwe la kanisa la kijijini kwao. Magazeti ya mtaani kwao yalimtaja alipoondoka na aliporudi. Taarifa moja ikimsahau, zipo karatasi nyingine kumi za kumkumbuka. Sajini meja wa Colito hana mlango wa pili wa namna hiyo ambao familia yake inaweza kuubisha. Ndiyo maana kwa mmoja ule ukimya ni mtindo tu wa uandishi, na kwa mwingine ni mwisho wa habari zake.

Ubaguzi wenyewe haukuwa wa kubahatisha, ulikuwa na kanuni zake. Hadi mwaka 1942 Keya ilikuwa na nishani yake ya ushujaa ya DCM (Distinguished Conduct Medal) kwa askari Waafrika, mbali na ile DCM ya askari wa kawaida wa Uingereza. Ushujaa ulikuwa mmoja na nishani mbili. Zilipounganishwa, vita vya Habashi vilikuwa vimekwisha na gavana wa Italia amekwishakusalimu amri. Wapo askari Waafrika waliozipata, na hata baadaye Burma walipata nishani za kijeshi za ngazi ya chini, kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyodai kwa hasira, kwamba Mwafrika hakupewa chochote. Alipewa, kwa kipimo alichopangiwa. Msalaba wa Victoria haukumfikia askari Mwafrika yeyote wa Keya, katika vita vyote viwili.

Sasa hizi nyota zinazopigwa picha. Familia moja ya mtaa wa Shela, hapa Malindi, walinitolea ya babu yao kutoka ndani ya kopo la biskuti. Ni nyota ya ncha sita, ya rangi ya manjano iliyofifia kama sufuria ya shaba iliyokaa muda bila kusuguliwa, katikati imechorwa taji na herufi za Mfalme George wa Sita, na jina la Burma limezunguka. Utepe wake ulikuwa bado una rangi, nyekundu katikati na buluu na chungwa pembeni, ingawa pale ulipokunjwa umekatika nyuzi. Mjukuu aliigeuza nyuma kutafuta jina la babu. Nyuma ni tupu. Hilo halikuwa kosa la fundi wala dharau kwa babu peke yake: nyota za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchorwa majina ya wenyewe, iwe aliyepewa ni Mwingereza au ni Mgiriama. Na nyota hiyo haikuwa ya ushujaa. Alipewa kila aliyetumika katika uwanja ule wa vita, mpishi, dereva na mpiga bombom. Wajukuu walinyamaza kidogo nilipowaambia hivyo, na mmoja alinitazama kama aliyekuja kumwibia.

Lakini chini ya nyota, ndani ya kopo lile lile, kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi. Kimeliwa na mende pembe moja. Kina namba ya jeshi ya mzee, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kikosi, na neno la ofisa kuhusu tabia yake. Familia walitaka niipige picha nyota. Ile karatasi walikuwa wameitumia kufunikia nyota isichubuke. Kwangu mimi, mali iliyokuwamo ndani ya kopo ni karatasi hiyo. Kwa namba ile mtu anaweza kufuata kikosi, na kwa kikosi akajua mzee alikuwa wapi mwezi gani. Akiwa alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, basi mwaka 1944 alishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, njia ikiwa tope la magotini na malaria ikiangusha watu kuliko risasi, na mwanzoni mwa Desemba walikuwa wameingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Ndipo wahandisi walipotandaza daraja la chuma ambalo sehemu kubwa ya jeshi la Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza huko Burma, ilipitia kwenda kuwafukuza Wajapani. Nyota haiwezi kukuambia hata moja ya hayo.

Nishani huhitaji shahidi, na shahidi awe mtu wa kuandika. Fikiria meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297. Wengi wa askari wetu walikuwa ndani, chini ya sitaha. Sijui kama mmoja wao alimshika mwenzake mkono kumtoa, au kama sajini alisimama ngazini akiwapitisha vijana wake kabla yake. Yawezekana sana. Waliobaki wa kuyaeleza walikuwa wachache. Kwa hesabu ya nishani hao ni watu waliokufa maji tu. Mwenye kudai kwamba kila askari wetu aliyestahili apewe nishani atuambie, hao atawapimaje?

Kwa haki ya mambo, askari wa Vita vya Pili walau waliandikwa. Majina ya waliozama na meli ile yamo kwenye kumbukumbu ya Nairobi, pamoja na la Leakey. Wa vita vya kwanza, vile wazee waliviita Vita vya Mjerumani, ndio walioachwa mikono mitupu. Wapagazi waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, na idadi hiyo ni ya chini. Walikufa kwa kuhara, kwa njaa, kwa mizigo. Baada ya vita Waingereza walisimamisha sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na chini yake wakaandika kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nenda Mombasa ukaitazame. Ahadi ya kukumbukwa jina imeandikwa kwa lugha tatu, na jina halipo hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kuomba radhi: waliokufa wakiipigania himaya ya Uingereza na wasiandikwe kwa jina, au wasikumbukwe kabisa, ni 116,000 kwa uchache, na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo haikusema majina yalipotea kwa bahati mbaya. Ilikiri kwamba wakubwa wa wakati ule waliamua hivyo, kwa fikra kwamba Mwafrika hana desturi ya kaburi wala haja ya jina juu ya jiwe. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya makaburi ya mnara hapa Malindi, au mbele ya vigango vya Wagiriama vilivyochongwa kwa kila mzee peke yake, anajua fikra hiyo ilikuwa ya kipuuzi kiasi gani.

Na tunajua kazi hiyo inawezekana. Januari 2025, katika bustani ya Cape Town, ilifunguliwa kumbukumbu ya wafanyakazi weusi wa jeshi waliokufa katika vita vya kwanza wakiwa bila makaburi yanayojulikana. Kila mmoja ana nguzo yake ya mbao, na juu yake jina lake na tarehe aliyokufa. Zipo 1,772. Majina hayo hayakuletwa na malaika. Yalitoka kwenye madaftari ya zamani, mtu akakaa akayasoma moja moja.

Sasa niwageukie wale wanaosema tusihangaike, kwa sababu walikuwa vibaraka. Hoja hii ina mvuto wake Malindi kuliko mahali pengine popote, na sababu ni Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Agosti 1914, vita vya Mjerumani vikianza, serikali iliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti kwa sababu Wagiriama walikataa kutoa vijana wa kazi, na waliokuja kuwapiga na kuzichoma nyumba zao walikuwa askari wa Keya hao hao. Mekatilili alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa Gusii mwaka uliotangulia pamoja na Wanje wa Mwadorikola, na akatoroka. Leo sanamu yake imesimama mjini, na kijana anayeitazama ana haki ya kuuliza: tumsimamishe na aliyetumwa kumpiga? Swali hilo ni zuri, na sitaki kulijibu kwa kusema wote walikuwa wahanga, maana si kweli. Wapo waliofurahia bunduki.

Lakini hoja inapovuka kutoka kwenye tendo la 1914 kwenda kwa kila aliyevaa sare hadi 1945, inavunjika. Wengi hawakwenda kwa mapenzi. Chifu aliambiwa alete idadi fulani ya watu, naye akaleta wale wasio na wa kuwatetea. Wengine walikwenda kwa kodi ya kichwa, maana mshahara wa askari ulikuwa miongoni mwa njia chache za kupata shilingi. Pia watu wa mwambao huu hata hawakuwa raia wa mfalme waliyeambiwa wanampigania: kisheria ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea Lamu na Malindi hadi 1963. Kisha kuna kile kilichofuata. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya aliyepigana Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau msituni. Bildad Kaggia, mpigania uhuru mwingine, alirudi kutoka jeshini akiwa hapigi tena saluti kwa kila Mzungu. Kibaraka anayerudi nyumbani na kumpindua bwana wake ni kibaraka wa aina gani? Waingereza wenyewe walilijua hilo. Kisiwa cha Manda, mkabala na mji wa Lamu, walikigeuza kambi ya kuwafungia wafungwa wa Mau Mau waliowahesabu kuwa wagumu. Na mwishowe, jeshi la Kenya huru halikuanza na watu wapya. Batalioni za Keya ndizo zilizobadilishwa jina usiku wa uhuru, na namba zake nyingine zipo hadi leo. Aliye tayari kuwafuta askari wa zamani kwa neno moja la ukibaraka aanze kwa kuifuta na gwaride ya Jamhuri.

Kumbukumbu, kwa vyovyote, huwa tunachagua. Oktoba 1940 ndege za Kiitalia zilidondosha mabomu hapa Malindi. Leo Mwitaliano ni mkaazi wa mji, anauza pizza na aiskrimu, na vijana wetu wa ufukweni wanazungumza lugha yake kuliko wanavyoizungumza Kigiriama cha babu zao. Kituo chake cha kurushia setilaiti kilijengwa Ngomeni miaka ya sitini, kaskazini kidogo tu mwa mji. Sioni ubaya wowote. Nataja hayo kwa sababu wapo wanaosema mambo ya vita hivyo yamepita mno hata kuyauliza ni kuchokoza. Hayakuchokoza kitu kwa Waitalia waliotupiga mabomu. Kwa nini yawe uchokozi kwa wajukuu wa waliowapiga Waitalia Colito?

Nimetaja fedha, na hapa ndipo wanaodai nishani wananikera kidogo, kwa sababu nishani ni kitu rahisi kutoa. Mwaka 2019 nyaraka za enzi ile zilitolewa hadharani zikionyesha jinsi kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilivyopangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi na kwa rangi ya mtu. Askari Mzungu wa cheo kile kile alipata hadi mara tatu ya Mwafrika. Si siri ya kunong'onezana, ni jedwali. Na baada ya vita vya kwanza askari Wazungu waligawiwa mashamba ya nyanda za juu kwa mpango maalumu wa serikali, Waafrika waliopigana nao wakawekwa nje yake. Askari wa pwani alirudi akakuta hali mbaya zaidi: sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilikuwa imewataka watu wa ukanda huu wathibitishe umiliki wao kwa karatasi, na Mijikenda wengi hawakuwa na namna ya kufanya hivyo. Mtu akatoka Burma na nyota kifuani, akawa skwota kwenye shamba alilozikwa babake. Mjukuu wake wa Kilifi au wa Lamu anaishi na kesi hiyo hiyo ya ardhi mpaka leo. Ukimpa mjukuu huyo nyota mpya inayong'aa, umemlipa nini?

Hata hivyo sitawabeza wale wazee wa Kariokor. Mtu aliyetupa nishani zake kwa woga, akaishi miaka sabini bila kuthubutu kusema alikuwa wapi, anapoipokea tena mbele ya watu anarudishiwa kitu ambacho si chuma. Aliye hai apewe, na apewe haraka, kwa sababu wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Ninachokataa ni kulifanya tendo hilo la adabu kuwa sera, kisha pande zote mbili zikajiona zimemaliza. London ingefurahi sana deni hili likageuka suala la tepe na picha. Nairobi pia, labda kuliko London.

Maana yake kivitendo si jambo kubwa la kutisha. Serikali za kaunti za Kilifi na Lamu zina idara za utamaduni ambazo kila mwaka hupata fedha za tamasha. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kumweka mtu mmoja mwenye skana na daftari apite Malindi, Mambrui, Witu, Faza na Siyu, aombe si nyota bali vyeti, anakili namba za jeshi na kuwarudishia wenyewe karatasi zao. Kwa orodha hiyo mkononi, ombi kwa Uingereza linakuwa kitu kingine: badala ya kusema "wakumbukeni watu wetu", unasema "tunaomba faili la askari namba hii, na hesabu ya kiinua mgongo alicholipwa". La kwanza linajibiwa kwa hotuba. La pili ama lipo ama halipo, na asiyetaka kulitoa itabidi aseme kwa maandishi kwamba hataki. Kuhusu wapagazi wa 1914 hadi 1918 kazi ni ngumu zaidi, maana wengi hawakuwa na cheti, na huko tutategemea madaftari ya malipo ya serikali ya wakati ule, yale yaliyosalia.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na karatasi, na hiyo haimhusu Mwingereza hata kidogo. Vijana wa Kenya wamo katika sare sasa hivi kaskazini mwa Lamu. Wameingia msitu wa Boni tangu operesheni ya 2015, wamelinda barabara ambazo mabomu hutegwa usiku, na kabla ya hapo walivuka kwenda Somalia Oktoba 2011. Kila mwaka mwezi huo tunaadhimisha siku ya jeshi letu, na nishani hutolewa. Lakini kambi yetu ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa na Al-Shabaab Januari 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa, wala hatujawahi kuwekewa hadharani orodha yao yote. Sababu iliyotolewa ni usalama, na kwa miezi ya kwanza ningeikubali. Muda uliopita tangu hapo ni mrefu kuliko Vita vya Kwanza vya Dunia, na mrefu kuliko vya Pili. Tunawalaumu wakoloni kwa kuandika "sajini meja mmoja na askari wengine wawili", na sisi wenyewe hata hiyo hesabu hatujaitoa. Daftari la El Adde haliko London. Liko Nairobi, na wa kuliomba ni wabunge tunaowachagua sisi.